Hadubini ya mwanga: inavyokuza, na namna ya kuitumia ionyeshe inachoweza kuonyesha

Mtu akikosa kuona anachokitafuta kwenye hadubini, jambo la kwanza analofanya ni kuzungusha lenzi kubwa zaidi. Hapo ndipo mambo huharibika: uwanja unaingia giza, taswira inapotea, na mkono ukikosea kidogo lenzi inagonga slaidi. Kasoro yenyewe mara nyingi iko chini ya jukwaa, pale slaidi inapowekwa, kwenye kondensa na diaframu ambazo wengi hawazigusi tangu siku hadubini ilipotolewa kwenye boksi. Hadubini ya bei nafuu iliyopangiwa mwanga vizuri huonyesha zaidi kuliko ya gharama iliyoachwa ovyo. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa kwenye mwanga kuliko kwenye ukuzaji.

Njia ya mwanga

Mwanga unaanzia kwenye taa iliyo ndani ya kitako. Hadubini nyingine, hasa za zamani, zina kioo badala ya taa. Upande wake bapa hutumika kukiwa na kondensa, na ule uliobonyea hutumika kama kondensa haipo. Kioo hicho kisielekezwe kwenye jua hata kwa sekunde moja, kwa sababu miale ya jua ikikusanywa na lenzi huunguza jicho kwa ndani.

Kutoka kwenye taa mwanga hupita kwenye kondensa, yaani lenzi zilizo chini ya jukwaa ambazo huukusanya na kuutuma kwenye sampuli kwa umbo la koni. Ndani ya kondensa kuna diaframu, pazia la vipande vya chuma linalofunguka na kufunga kwa kusukuma kijiti, nayo ndiyo huamua upana wa koni hiyo. Mwanga ukishapenya sampuli huingia kwenye lenzi ya kitu, ile inayotazama slaidi kutoka juu. Sampuli hukaa mbele kidogo tu ya fokasi ya lenzi hiyo, yaani nukta ambapo lenzi hukusanya miale sambamba, kwa hiyo lenzi hutengeneza ndani ya bomba taswira halisi, kubwa na iliyopinduliwa. Lenzi ya jicho huichukua taswira hiyo na kuikuza mara ya pili.

Ukuzaji wote ni zao la lenzi mbili. Lenzi ya jicho ya 10x na lenzi ya kitu ya 40x hutoa mara 400. Namba ya lenzi ya jicho hupatikana kwa kugawa milimita 250, umbali ambao jicho la kawaida husoma kwa raha, kwa umbali wa fokasi wa lenzi, kwa hiyo lenzi ya 10x ina fokasi ya milimita 25.

Kwa kuwa taswira imepinduliwa, ukisukuma slaidi kulia, unachokiona kinakimbilia kushoto. Ukiisukuma mbele, kinarudi nyuma. Anayeanza aweke chini ya lenzi ya 4x kipande cha karatasi nyembamba chenye herufi F iliyochapwa, aisogeze huku na huku mpaka mkono uzoee. Dakika chache za zoezi hilo huokoa muda mwingi wa kukimbizana na mdudu anayeogelea kwenye tone la maji.

Maandishi yaliyo kwenye lenzi

Lenzi ya kitu huwa imechorwa namba, na zote zina kazi. Chukua lenzi iliyoandikwa 40/0.65 na chini yake 160/0.17. Ya kwanza ni ukuzaji, mara 40. Ya pili, 0.65, huitwa NA (kwa Kiingereza numerical aperture), nayo hupima jinsi lenzi inavyoweza kukusanya miale inayoingia kwa pembe pana. Namba 160 ni urefu wa bomba kwa milimita ambao lenzi ilibuniwa kuutumia. Penye alama ya ∞, lenzi ni ya mfumo unaohitaji lenzi nyingine ndani ya mwili wa hadubini, kwa hiyo usichanganye lenzi za mifumo hii miwili. Ya mwisho, 0.17, ni unene kwa milimita wa kioo kifuniko, kile kioo chembamba kinachowekwa juu ya sampuli. Kuna pia mduara wa rangi: nyekundu kwa 4x, njano kwa 10x, bluu isiyokolea kwa 40x, na nyeupe kwa 100x ya mafuta.

Katika namba zote hizo, inayostahili kuangaliwa kwanza ni NA. Ukuzaji hufanya kitu kionekane kikubwa, lakini upambanuzi, yaani umbali mdogo kabisa ambao nukta mbili bado zinaonekana mbili, hutegemea NA na urefu wa wimbi la mwanga. Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba umbali huo ni sawa na urefu wa wimbi ukigawanywa kwa mara mbili ya NA. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, lenzi ya 10x yenye NA 0.25 hutenganisha nukta zilizoachana kwa mikromita 1.1 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ya 40x yenye 0.65 hufika mikromita 0.42, na ya 100x yenye 1.25 hufika 0.22. Bakteria wengi wana upana wa nusu mikromita hadi moja na wanaonekana. Virusi, isipokuwa vichache vikubwa sana, viko chini ya mpaka huo, na hakuna lenzi ya jicho itakayovileta.

Kanuni inayotumika ni kwamba ukuzaji wenye manufaa uko kati ya mara 500 na mara 1000 ya NA. Lenzi ya 1.25 basi inaishia kwenye mara 1250 hivi. Matangazo ya hadubini inayokuza mara 2000 kwa kubandika lenzi ya jicho ya 20x yanauza taswira kubwa yenye ukungu uleule. Fedha hiyo ni bora iende kwenye kondensa nzuri.

Uwanja wa kuonea pia hupungua kila unapopanda. Lenzi ya jicho ikiwa imeandikwa 18, gawanya 18 kwa ukuzaji wa lenzi ya kitu upate kipenyo cha uwanja: milimita 4.5 kwa 4x, 1.8 kwa 10x, 0.45 kwa 40x, na 0.18 kwa 100x. Nafasi kati ya lenzi na slaidi hupungua vilevile. Kwa 4x ni zaidi ya sentimita moja, kwa 10x ni milimita kadhaa, kwa 40x ni kama nusu milimita, na kwa 100x haifiki milimita 0.2. Ndiyo sababu skrubu kubwa ya kulenga haiguswi ukiwa kwenye lenzi ya 40x au 100x.

Kulenga kwa mara ya kwanza

Beba hadubini kwa mikono miwili, mmoja kwenye mkono wa hadubini na mwingine chini ya kitako. Usiiburute mezani, kwani mtikisiko hulegeza vioo vilivyopangwa kwa ustadi. Kisha:

1. Teremsha jukwaa na uzungushe lenzi ya 4x mpaka usikie inakaa kwa mlio wa "tik". Lenzi isipokaa sawasawa, nusu ya uwanja huwa nyeusi.
2. Washa taa ikiwa imepunguzwa, halafu ongeza taratibu.
3. Weka slaidi, kioo kifuniko kikiwa juu, uibane kwa vibanio. Sogeza sampuli iwe juu ya tundu la mwanga.
4. Ukitazama kwa pembeni, wala si kupitia lenzi ya jicho, pandisha jukwaa kwa skrubu kubwa mpaka likaribie lenzi.
5. Sasa tazama ndani, na uteremshe jukwaa polepole kwa skrubu kubwa mpaka taswira itokee. Unalenga ukiwa unaondoka kwenye lenzi, kwa hiyo hata ukipitiliza huwezi kuvunja kitu.
6. Malizia kwa skrubu ndogo.
7. Weka unachokitaka katikati kabisa ya uwanja, kisha zungusha 10x na ulenge upya kwa skrubu ndogo. Rudia hivyo kwa 40x.

Hatua ya saba ndiyo inayorukwa zaidi. Kitu kilichoonekana pembeni kwenye 4x hakitakuwemo kabisa kwenye 40x, maana uwanja umepungua mara kumi kwa upana. Lenzi za hadubini moja hutengenezwa ili moja ikishalenga, nyingine ziwe karibu kulenga pia. Ukiona unazungusha skrubu ndogo zaidi ya mzunguko mmoja au miwili bila kuona chochote, rudi 10x uanze upya badala ya kuendelea kutafuta gizani.

Kwenye hadubini yenye lenzi mbili za jicho, kwanza vuta au sukuma mirija mpaka miduara miwili iwe mmoja. Kisha funga jicho lililo upande wa mrija wenye pete ya kurekebishia, mara nyingi wa kushoto, na ulenge kwa jicho lingine kwa skrubu ndogo. Halafu badilisha jicho na uzungushe pete yenyewe, bila kugusa skrubu, mpaka taswira iwe kali. Anayeona karibu tu au mbali tu anaweza kuvua miwani. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, abaki nayo, kwa kuwa skrubu ya kulenga haiwezi kurekebisha kasoro hiyo. Kama hadubini ina lenzi moja ya jicho, acha macho yote mawili wazi. Kulifumba moja kwa nguvu huchosha uso na kuleta maumivu ya kichwa. Baada ya muda ubongo hujifunza kulipuuza jicho lisilotazama.

Kondensa na diaframu

Diaframu ya kondensa si swichi ya kupunguza mwangaza. Mwangaza ukizidi, punguza taa. Diaframu inaamua koni ya mwanga ina upana gani, na lenzi yenye NA kubwa haiwezi kutumia uwezo wake kama koni inayoingia ni nyembamba. Ukiifunga sana, vivuli vinakuwa vikali na mtoto wa shule hupendezwa, lakini kila ukingo wa seli unazungukwa na mistari ya uongo, na vumbi lililokuwa limejificha linajitokeza. Ukiifungua kabisa, mwanga wa ziada hutawanyika ndani na kufanya taswira ionekane imepauka, haswa kwa sampuli isiyo na rangi.

Kwa hadubini iliyo na diaframu mbili, ya kondensa na nyingine juu ya taa, fuata mpangilio ambao August Köhler aliueleza mwaka 1893. Lenga sampuli kwa 10x. Funga diaframu ya taa mpaka uone duara dogo la mwanga. Pandisha au teremsha kondensa kwa skrubu yake mpaka kingo za duara hilo ziwe kali, zikionekana kama pembe nyingi badala ya ukungu. Kwa skrubu mbili za pembeni za kondensa, lisogeze duara katikati ya uwanja. Fungua diaframu ya taa mpaka kingo zake zitoke tu nje ya uwanja, si zaidi. Mwisho, toa lenzi moja ya jicho na utazame ndani ya mrija mtupu. Utaona duara jeupe la mwanga nyuma ya lenzi ya kitu. Funga diaframu ya kondensa mpaka duara hilo lijae kwa theluthi mbili hadi nne kwa tano, kisha rudisha lenzi ya jicho. Ukibadilisha lenzi ya kitu, diaframu zote mbili hurekebishwa upya.

Hadubini za mafunzo nyingi hazina diaframu ya taa. Hapo shikilia ncha ya penseli juu ya kioo cha taa huku umelenga sampuli kwa 10x, na upandishe kondensa mpaka ncha ya penseli ionekane wazi pamoja na sampuli. Hapo ndipo kondensa inapotakiwa kukaa, na kwa kawaida ni karibu na juu kabisa. Kondensa iliyoteremshwa chini sana, ambayo ni hali ya kukuta kwenye hadubini nyingi za pamoja, ni sababu ya kwanza ya malalamiko kwamba "40x haionyeshi kitu".

Kama pete ya kondensa ina namba, mambo ni rahisi zaidi: zidisha NA ya lenzi kwa 0.8 hivi. Kwa lenzi ya 0.65 unaweka karibu na 0.5. Kwa viumbe hai visivyo na rangi, kama vile vijidudu vya maji ya dimbwi, shuka chini ya hapo, ukikubali kupoteza kidogo upambanuzi ili uvione.

Slaidi mbili za kuanzia

Ngozi ya ndani ya kitunguu ni somo zuri kwa sababu ina safu moja tu ya seli. Kata kitunguu, chukua jani moja la ndani, livunje, na kwa koleo ndogo ubandue utando mwembamba ulio upande wa ndani uliobonyea. Kata kipande cha milimita 5 kwa 5. Weka tone moja la maji katikati ya slaidi, tandaza utando juu yake bila mikunjo, na ongeza tone la iodini iliyochanganywa na maji. Shika kioo kifuniko kwa kingo zake, gusisha ukingo mmoja kwenye maji kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kisha ukiachie kilale taratibu kwa msaada wa sindano. Kikidondoshwa bapa, hewa hunaswa chini yake. Subiri dakika moja au mbili, nyonya maji yaliyozidi kwa ukingo wa tishu, ndipo upeleke jukwaani. Kwa 10x utaona seli ndefu zilizopangana, na kwa 40x kiini cha kila seli kimekuwa cha hudhurungi au njano iliyokolea, kikiwa kimesukumwa pembeni mwa seli.

Seli za ndani ya shavu zinahitaji rangi zaidi kwa sababu zenyewe hazina. Pangusa shavu kwa ndani kwa kijiti safi chenye pamba, kwa mguso mwepesi, kisha kisugue kwenye tone la maji juu ya slaidi. Acha ikauke hewani, weka tone la methilini bluu, subiri dakika moja, osha kwa maji machache yanayopita polepole, na ufunike kwa kioo kifuniko ukiwa umeongeza tone la maji. Kijiti na slaidi viingie kwenye dawa ya kuua vijidudu, na mtu apanguse shavu lake tu, si la mwenzake.

Makosa ya slaidi yako hivi. Sampuli nene hailengi: sehemu moja inakaa kali na nyingine zote ni ukungu, kwa sababu kwenye 40x kina kinachoonekana wazi ni mikromita moja tu au pungufu. Maji mengi hufanya kioo kifuniko kuelea, na sampuli inakimbia ukiigusa. Yakiwa machache, hewa huingia kutoka pembeni. Kiputo cha hewa ni mviringo kamili chenye ukingo mnene mweusi na katikati kung'aa, na wanaoanza huchora kiputo kwa bidii wakidhani ni seli. Unyuzi wa pamba nao huwa mrefu, umepindana na hauna kiini. Vichembe vidogo sana vikitetemeka papo hapo bila kwenda popote, huo ni msukumo wa molekuli za maji, si uhai. Kiumbe hai chenye kujongea huenda mahali.

Lenzi ya mafuta

NA haiwezi kuzidi 1.0 kama kati ya lenzi na slaidi kuna hewa. Mwanga unapotoka kwenye kioo, ambacho hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.52 hivi, na kuingia kwenye hewa ya 1.0, miale ya pembe pana hurudishwa ndani na haifiki kwenye lenzi. Mafuta maalumu ya hadubini yana 1.515, karibu sawa na kioo, kwa hiyo miale inapita kama vile mpaka haupo. Maji ni 1.33 tu na hayafai badala yake. Mafuta ya kupikia nayo yanakaribia lakini yanaganda na kuharibu lenzi, usijaribu.

Lenga kwanza kwa 40x na uweke unachokitaka katikati. Zungusha kizungushio cha lenzi nusu, ili kusiwe na lenzi juu ya slaidi. Dondosha tone moja dogo la mafuta pale mwanga unapoangaza. Zungusha 100x moja kwa moja hadi iguse mafuta. Usirudi nyuma kupitia 40x, maana lenzi hiyo haikutengenezwa kwa mafuta na yakikauka juu yake utaona ukungu kwa miezi. Rekebisha kwa skrubu ndogo peke yake, fungua diaframu zaidi, ongeza taa. Kama kuna kiputo ndani ya mafuta, kinachoonekana ni taswira iliyofifia yenye vivuli vya ajabu. Futa na uanze upya.

Damu iliyopakwa na kutiwa rangi hutazamwa bila kioo kifuniko kwa 100x, kwani mafuta yanachukua nafasi yake. Lenzi ya 40x isiyotumia mafuta haisamehe hivyo: bila kioo cha milimita 0.17 taswira yake hulegea.

Kazi ikiisha, futa mafuta siku hiyohiyo. Tumia karatasi ya lenzi iliyokunjwa, inyonye mafuta kwanza kwa kugusa tu, kisha kipande kipya chenye tone la dawa ya lenzi, kwa mwendo mmoja wa kutoka katikati kwenda nje, mwishowe kipande kikavu.

Kupima ukubwa

Kwa makadirio ya haraka, uwanja wa milimita 0.45 kwenye 40x ni mikromita 450. Seli nane zikipangana kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ni kama mikromita 56. Kwa kipimo cha haki unahitaji lenzi ya jicho yenye mstari wa vipimo na slaidi ya kipimio, ambayo ni milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila sehemu mikromita 10. Linganisha mistari miwili. Kama sehemu 40 za lenzi ya jicho zinalingana na 10 za slaidi, hizo 10 ni mikromita 100, na kila sehemu ya jicho ni 2.5. Thamani hiyo ni ya lenzi hiyo ya kitu tu. Iandike kwenye karatasi na uibandike kwenye hadubini, kisha upime upya kwa kila lenzi nyingine. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu, yenye mikromita 7 hadi 8, ni kipimo kizuri cha kuhakikisha hukukosea.

Taswira ikigoma

Doa ambalo haliondoki lina njia rahisi ya kulitafuta. Zungusha lenzi ya jicho kwa vidole: doa likizunguka nayo, liko hapo. Likisogea na slaidi, liko kwenye slaidi. Likipotea ulipobadilisha lenzi ya kitu, liko kwenye lenzi ile. Likibaki palepale hata baada ya yote, liko kwenye kondensa au kioo cha taa, na likiwa kali zaidi ukishusha kondensa, ni la kioo cha taa. Vinyuzi vinavyoelea na kufuata mwendo wa jicho lako viko ndani ya jicho lenyewe.

Giza la upande mmoja ni lenzi isiyokaa sawasawa au kondensa isiyokuwa katikati. Ukungu kwenye 40x pekee huku 10x ikiwa safi una washukiwa watatu: slaidi imewekwa kichwa chini, kioo kifuniko ni kinene au viwili vimeshikana, au kuna mafuta kwenye lenzi. Kwa la kwanza, ugeuze slaidi kabla ya kusafisha chochote, kwa kuwa unene wa slaidi yenyewe, kama milimita moja, unaizidi nafasi ya lenzi ya 40x, na ukilazimisha kulenga utabonyeza kioo kwa kioo. Lenzi za 40x na 100x mara nyingi zina springi mbele inayosaidia wakati kama huo, lakini springi hailindi slaidi nyembamba.

Taswira inayoteleza na kupotea polepole bila kuguswa inatokana na jukwaa linaloshuka kwa uzito wake. Kaza pete ya ukakamavu iliyo kando ya skrubu kubwa, robo mzunguko kwa wakati. Usizungushe skrubu ya kushoto na ya kulia kuelekea pande tofauti ili "kukaza", utaharibu gia.

Kupiga picha kwa simu, zima zumu, weka lenzi ya simu milimita 10 hadi 20 juu ya lenzi ya jicho, na uisogeze kwa ustadi mpaka duara la mwanga lijae. Vishikio vya simu vya kubana kwenye mrija vinasaidia sana, kwa sababu mkono hauwezi kutulia bila kutikisika. Zuia simu isibadilishe mwangaza yenyewe kwa kugusa na kushikilia skrini, halafu rekebisha taa ya hadubini.

Usafi

Vumbi hupulizwa kwanza kwa kipulizio cha mpira, kwa kuwa ukifuta juu ya mchanga unakwaruza tabaka la lenzi. Karatasi ya lenzi tu ndiyo inayogusa kioo. Shati, tishu ya kawaida na pamba ya dukani havifai. Dawa ni tone la alkoholi kwenye karatasi, si kwenye lenzi yenyewe, maana alkoholi nyingi ikijipenyeza hulegeza gundi inayoshika vioo. Sehemu za plastiki zifutwe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Penye unyevu mwingi adui mkubwa ni kuvu. Huota kama nyuzi ndani ya lenzi, na asidi yake hula kioo, kwa hiyo hata ikisafishwa alama hubaki. Hifadhi hadubini kwenye kabati linalofungwa lenye silika jeli iliyo kavu. Jeli yenye rangi ikibadilika, ikaushe kwenye oveni kama maelekezo yake yanavyosema. Kuacha kifuniko cha plastiki juu ya hadubini yenye joto, hasa ya taa ya halojeni, hunasa mvuke, kwa hiyo subiri ipoe. Kabla ya kuzima, punguza mwangaza hadi mwisho, kwani kuwasha taa ya halojeni ikiwa kwenye nguvu zote hufupisha maisha yake. Kisha ondoa slaidi, rudisha 4x, teremsha jukwaa, ufunike.